Nionyeshe kwa Mdomo

Migosi, Kisumu

Mama yangu mpendwa,

Hujambo huko? Na goti la nyanya yetu Cucu linasemaje na hiyo baridi ya Nyahururu? Mimi ni mzima kabisa, ila joto la hapa linataka kunimaliza. Naandika kwa Kiswahili chetu cha nyumbani kwa sababu Kikuyu changu cha kuandika unakijua, utacheka bure. Na nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu nikitaja uso wako tu, unaniambia maziwa yanachemka. Leo hayachemki. Soma hadi mwisho, tafadhali.

Mama, imefanya kazi! Ngoja nianze mwanzo, maana furaha hii inanirusharusha.

Nilikuambia kazini tumepewa kutengeneza programu ya simu ya kuwasaidia watu waliopooza upande mmoja wa uso wafanye mazoezi nyumbani. Sikukuambia kwamba niliinua mkono kuiomba kazi hiyo kabla mkubwa wetu hajamaliza kuzungumza. Sababu unaijua.

Ya kwanza niliitengeneza nikijiona fundi kwelikweli. Simu inakuonyesha uso wako kama kioo, inakuambia usukume midomo mbele, halafu inakupa maksi kwa mia. Tukampa Mama Atieno, muuza samaki wa Luanda Kotieno, pale feri ya kwenda Mbita inapong'oa nanga. Uso wake ulipooza upande wa kushoto, kama wako. Baada ya wiki mbili akarudisha simu imefungwa kwenye leso. Alikuwa ameitumia siku tatu tu. Nikamuuliza kama ilimshinda kutumia.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "hii uso naijua. Sitaki simu inipatie maksi ishirini kila asubuhi."

Nilitamani ardhi inimeze. Tena daktari wa mazoezi tunayefanya naye kazi akamwomba arudie alivyokuwa akifanya nyumbani, na kumbe alikuwa anakaza uso kwa nguvu zake zote akitafuta maksi, hadi jicho la kushoto linajifunga. Daktari alinitazama mimi, si yeye. Akasema mazoezi haya yanataka upole, na kukaza hivyo kunaweza kumharibia mgonjwa zaidi. Zile maksi zilikuwa wazo langu mwenyewe, Mama, na nilikuwa nimejisifu nazo ofisi nzima.

Basi nikaacha kompyuta nikaenda Luanda Kotieno, nikakaa naye kwenye meza yake ya samaki kutwa nzima. Mjuaji mimi, nilibeba maswali kurasa tatu. Hakujibu hata moja, wateja walikuwa wengi na mikono yake yote miwili imejaa magamba. Mtu akauliza dagaa wa omena wako wapi, Mama Atieno akamwelekeza kwa mdomo, yaani akasukuma midomo mbele kuwaelekea, bila neno. Mwingine akauliza kama feri imefika, akaelekeza kwa mdomo kule ziwani. Hapo ndipo nikaona. Upande wa kulia ulitangulia, na wa kushoto ukafuata, kidogo tu, polepole, na jicho likabaki wazi. Zoezi alilolikataa mbele ya simu yangu alikuwa akilifanya mchana kutwa!

Nilicheka peke yangu mpaka akaniuliza kama jua limenipanda kichwani. Nilipomwonyesha daktari jambo hilo, akakubali tujaribu hivyo. Nikavunja kila kitu nikaanza upya. Sasa uso hauonekani mpaka mwenyewe atake, na maksi hakuna. Kuna sauti tu ya mtu unayemchagua, inakuuliza: "Feri iko wapi? Nionyeshe kwa mdomo, taratibu." Ukikaza, inakuambia pumzika. Mama Atieno alichagua sauti ya dada yake. Sasa anaifungua kila asubuhi kabla ya kwenda ufuoni, na juzi alikunywa chai mbele yetu bila kushika mdomo kwa kidole. Hajapona kabisa, sitakudanganya. Lakini alikunywa, na mimi nikamwaga yangu kwa furaha.

Sasa zamu yako. Unakumbuka ulivyokuwa ukitutuma? Chumvi, kwa mdomo. Kuni, kwa mdomo. Wageni wakija, mdomo wako ukielekea mlangoni tu, sisi sote nje, bila neno. Nilipokuja Aprili ulininyooshea kidole kunionyesha sufuria. Nilienda nyuma ya zizi nikalia, nikakuambia ni moshi. Naona pia kwaya umeiacha, na picha hutaki, na leso haitoki mdomoni. Inaniuma, Mama. Nakosa uso wako.

Katika kifurushi hiki iko simu. Kwanza ipeleke kwa daktari wako wa mazoezi pale hospitali, aseme ni sawa. Sauti iliyomo ni yangu. Nimekuuliza chumvi iko wapi, ng'ombe, nyumba ya Cucu, kila kitu. Haitumi picha popote. Hakuna atakayekuona, hata mimi.

Nisalimie Cucu, umwambie dawa ya kuchua nimeiweka chini ya simu. Nisalimie kaka na mkewe, na mwalimu wa kwaya, umwambie asimpe mtu nafasi yako. Mama Atieno naye anakusalimu bila kukujua. Anasema maksi zako ni mia.

Swali la mwisho kwenye simu ni mlango uko wapi. Lijibu kila siku, taratibu. Desemba nitaingia kwa mlango huo nikiwa na njaa na mizigo, na kabla sijakaa, unitume chumvi kwa mdomo. Usininyooshee kidole.

Ni mimi mtoto wako wa kutumwa,

Njeri