Baba na kichwa nusu

Shoga, acha unachofanya. Mume wangu amemwacha baba yangu kwenye kiti cha kinyozi, kichwa nusu.

Nusu. Upande mmoja upara, upande mmoja mvi.

Si unakumbuka mwaka jana mume wangu alivyosinzia kwenye usukani, lori likaingia mtaroni? Nikamlilia aache udereva. Kaka akampa kazi ya kunyoa saluni kwake, leo wiki ya tatu, na baba akaenda kumuungisha mkwewe.

Nje lori likashindwa kurudi nyuma uchochoroni. Mume wangu akasikia gia inavyokwaruzwa, akasema, "Huyo ataiua. Mzee, dakika moja."

Dakika moja, shoga. Kamshusha dereva wa watu, kapanda yeye, kalirudisha kwa vioo tu mpaka ghalani. Baba yuko kitini na kitambaa shingoni.

Kaka akanipigia. Nikafika nimefura, namkuta anashuka lorini anacheka. Anacheka, mtu ambaye tangu aache malori hunijibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Sasa tuko nyumbani. Ameniuliza kama arudi barabarani, nikajifanya naosha vyombo.

Vyombo vimeisha, shoga. Bado amesimama mlangoni.