Mlango wa Stoo ya Babu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeenda uwanjani kuona mlango wetu. Jamani! Milango mitupu imesimama kwenye nyasi, kila mmoja na fremu yake, ukuta hakuna. Msanii aliiomba kwenye nyumba zilizowaficha vijana wa msituni wakati wa vita. Ukitaka unaizunguka tu—lakini watu hawaizunguki. Wanapita katikati, wameinamisha vichwa, wengine wanapiga hodi. Hodi kwa nani? Nikacheka. Halafu na mimi nikapiga.

Wetu ni wa stoo ya Babu. Tangu nizaliwe ulikuwa umeegemezwa ukutani nyumbani, upande uliobonyeabonyea tukiwaonyesha wageni. Hadithi yake naijua kama jina langu: vijana watatu walijikomea ndani, wavamizi wakaupiga kwa vitako vya bunduki mpaka wakachoka, wakaenda zao. Jumamosi kibao chenye jina la Babu kinazinduliwa, na Mama atasema machache. Gauni lake ninalomshonea limebaki pindo tu.

Ila wameufunga kinyume! Palipobonyea pako kwa ndani. Nitamwambia yule msanii, na miwani yake mikubwa hiyo.

Jumatano, 5 Juni

Hawakukosea. Msanii alinipa bisibisi—haya dada, jaribu mwenyewe. Nimejaribu mpaka jasho likanitoka. Bawaba zinakubali upande mmoja tu. Komeo liko nje. Ndani hakuna komeo, wala tundu la msumari. Sasa walijikomea na nini?

Na nani alikuwa ndani, akipiga vile?

Mlinzi anasema jua likizama mbao zinapoa, zinagonga. Yeye hukaa kule getini. Mwanaume mzima! Ila sikumtania. Upepo ulikuwa unafungua na kufunga milango yote. Wetu haukutikisika, na komeo lilikuwa wazi.

Alhamisi, 6 Juni

Nilimwandikia Kaka habari ya komeo, kanipigia. Eti huo ni ubao tu, wenyewe walishakufa, nisimvue Babu nguo hadharani. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akakata simu.

Mama nilimpimisha gauni. Nikamwuliza huku nimebana pini mdomoni, maana uso kwa uso nisingeweza. Yeye akauliza kama komeo bado linateleza. Linateleza, Mama. Akasema enzi zile lilikuwa zito, alilisukuma kwa mikono miwili.

Alikuwa mtoto wa miaka saba! Babu alimwambia akomee, asifungue hata wakimwomba. Asubuhi yakaja magari ya wavamizi. Vijana waliyasikia, wakaupiga mlango, wakamwita kwa jina. Yeye akakaa pale pale, mtoto mtiifu. Nani aliyaita magari? Hajui. Au hasemi.

Kumbe ndiyo maana kwetu kugonga mlango ni mwiko. Kwetu ni hodi tu.

Babu ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Nampenda. Sijui niuweke wapi upendo huu sasa.

Jumamosi, 8 Juni

Niko uwanjani, nimekaa chini. Naandika ili mikono ipate kazi.

Kibao kimezinduliwa. Jina la Babu linang'aa. Msanii akampa Mama maiki, Mama hakuipokea. Alifungua mlango wetu, akaingia, akaurudisha. Akaniita kutoka upande wa pili: Komea, mwanangu. Komea, na usifungue.

Nikakomea! Sijui kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe.

Akaanza kugonga.

Watu wakapiga makofi, walidhani ni sehemu ya sanaa. Kaka naye alipiga, machozi ya fahari yanamtoka. Sasa makofi yamekwisha na Mama bado anagonga. Anaita jina. Si langu—ni lake, lile la utotoni.

Ukuta hakuna. Mtu yeyote angeweza kuzunguka akamshika mkono. Hakuna anayezunguka. Wote wananitazama mimi, kwa sababu niko karibu na komeo, na ni mimi niliyeambiwa nisifungue.