Kitako cha Gobori Letu

Baba yangu,

Mola akurehemu huko uliko. Juzi ndugu yako, Ami Athmani, alikuja hapa kwangu Ganjoni kuliomba gobori letu. Mwanawe anaoa, na ada ya kwetu waijua: bwana harusi hapelekwi msikitini mpaka gobori litangulie begani mwa mtu wa ukoo. Hilo sikulikataa. Lakini alitaka kwanza alipeleke kwa fundi Bondeni, kitako chake cha mti kikatwe kiwe kifupi na kichongwe upya kwa mtu wa mkono wa kulia. Tangu hapo nimekukumbuka hata chakula hakipiti.

Unakumbuka siku tuliyolinunua? Nilikuwa bado mtoto wa chuo cha Kurani. Katika lile duka la vitu vya kale, kule Mji wa Kale, muuzaji alitutolea magobori matatu, yote yamezibwa mitutu yasilie tena. Mimi nililipenda lenye nakshi za fedha. Ukanicheka.

"Fumba mato," ukaniambia. "Lilete shavuni. Bunduki haichaguliwi kwa mato."

Ukafumba macho yako pia, ukayajaribu magobori moja moja palepale, wateja wakitutazama kama tumerukwa na akili. Ukachukua baya kuliko yote. Kitako kimepasuka, na mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, haupo kabisa. Ulisema chuma chake kizima, na mti ni kazi yako.

Na kweli ukaifanya. Ulipata kipande cha mti wa msaji kwenye mlango wa Bibi uliovunjwa, ukakaa nacho barazani na patasi zako. Ulinipima mkono, kuanzia kiwiko hadi kidole cha shahada. Kisha ukamwita Mama kutoka jikoni, mikono yake imejaa chicha za nazi, ukampima na yeye. Hukueleza kitu. Nikanuna, nikidhani umebadili nia na gobori sasa ni la Mama.

Bibi alikuwa akinipiga makwenzi kila niliposhika kitu kwa mkono wa kushoto. Wewe hukubishana naye. Ulichonga tu, na pale shavu linapolala ukapaweka upande wa watu wa kushoto kama mimi. Ulipomaliza nikalitia begani likanishinda. Kidole hakikufika kwenye kifyatuo, na uso ukaning'inia hewani.

"Mbona refu, Baba?"

"Mti haukui, mwanangu. Weye utakua."

Nilikasirika siku nzima. Ulipoondoka duniani sikulitia begani tena. Nilikuwa nalishusha ukutani, nalipangusa vumbi, nalirudisha. Nilijiambia ni heshima, kumbe nilikuwa naogopa kulia.

Jana nililishusha nilipanguse nimkabidhi Ami, alipeleke kwa fundi kama alivyotaka. Sijui nini kilinituma. Nikalitia begani, bega la kushoto, nikafumba macho kama ulivyonifunza. Uso ukalala wenyewe. Kidole kikafika pale pale kinapotakiwa, bila kunyoosha wala kukunja. Nikautazama mkono wangu, nikauona urefu wake ni ule ule wa mkono wa Mama. Ndipo nikafahamu ulikuwa ukipima nini siku ile barazani.

Nililia, Baba, na majirani walisikia.

Nikampigia Ami simu nikamwambia kitako hakikatwi.

"Mkono wa kushoto si wa harusini, mwanangu," akasema.

"Basi Ami, mtangulizieni bwana harusi upanga."

Amenuna. Yatamwisha, wamjua ndugu yako, na pilau ikifika mezani atasahau. Mimi siwezi kusahau. Nyumba yetu imeuzwa, baraza ina watu wengine, na sauti yako naanza kuipoteza kidogo kidogo. Kitako hiki ndicho mahali pekee nikiweka shavu najua ulinifikiria.

Natamani ungekuja hata kwa kitambo cha kunitazama nimelishika. Ungenizunguka, ungeniinua kiwiko, ungesema bado.

Si bado tena, Baba. Nimekua.

Mwanao,
yule wa mkono wa kushoto