Msomaji Mmoja wa Leland

Jumatatu, 4 Desemba 2006

Kristin alikuja wikendi akaniwekea kitu kwenye kompyuta. Kinaitwa RSS. Herufi tatu, na binti yangu mwenyewe hana hakika ni kifupisho cha nini. Alinieleza hivi: Baba, badala ya wewe kuzunguka tovuti ishirini kila asubuhi kuona nani kaandika nini, kisomaji hiki kinakuzungukia na kukuletea. Nikamwambia hiyo ni posta. Akasema si posta. Ni posta! Nimebeba mkoba wa barua miaka thelathini na minne hapa Minnesota, posta nikiiona naijua.

Kazi yangu ni kutafuta kialama cha rangi ya chungwa kwenye ukurasa, nabonyeza, nimejiandikisha. Kila kinachoandikwa pale kinanijia chenyewe. Nimechukua gazeti la wilaya, hali ya hewa, mama mmoja wa Wisconsin anayeoka mikate, na wanaume watatu wanaofufua matrekta ya zamani.

Tamu sana hii.

(Naandika garini kama kawaida. Mke wangu Marlys hasomi vya watu, ila anapanga kila kitu, na kwake kupanga ni kusoma.)

Jumatano, 6 Desemba

Milisho, ndivyo Kristin anavyoziita hizi tovuti zinazoniletea habari, hamsini na tatu. Visivyosomwa: 1,112!

Sijawahi kurudi ofisini na barua mkobani. Hata ile tufani ya theluji ya '91. Sasa tarakimu hii inanikodolea macho. Nimesoma tangu kifungua kinywa. Mama wa Wisconsin kaoka mara sita, huyo mama halali? Marlys kaja kusema chakula kimepoa. Nikasema bado mia nane.

"Mia nane za nani?" akauliza.

Nikampigia Kristin. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe kuna kitufe: weka zote kuwa zimesomwa. Lakini hazijasomwa! Enzi zangu mtu alifukuzwa kazi kwa uongo kama huo.

Ijumaa, 8 Desemba

Nimekibonyeza. Mungu anisamehe. Nikabakiza milisho minne.

Halafu nikaongeza wa tano. Wa kaka yangu Leland.

Leland ana blogu. Kila asubuhi anatoboa barafu ya ziwa letu na kuandika unene wake, na mji mzima unachungulia pale kabla ya kwenda kuvua. Mimi nilikuwa namtuma Marlys achungulie. Hatujasemezana tangu Machi 2004. Nilimwambia tukitoe kibanda chetu cha uvuvi kilichosimama juu ya barafu ziwani, inalainika. Akasema wiki moja zaidi. Kibanda kikazama, pamoja na jiko la chuma la Baba, lile tulilokuwa tukilibeba wawili kila msimu, mimi mbele, yeye nyuma. Sasa ndiye mpima barafu wa watu!

Pembeni mwa ukurasa pameandikwa: waliojiandikisha, 0. Nikabonyeza. Ikawa 1. Jina halionekani, nimehakikisha mara tatu.

Jumapili, 10 Desemba

Leland ana nini? Alhamisi aliandika: "Inchi nne. Mnaweza kutembea." Huyo ndiye Leland ninayemjua. Jana: "Inchi tano, na alfajiri imelaza shavu lake juu ya barafu." Leo kabla ya ibada: "Inchi tano na nusu. Mwezi umeibusu." Umebusu nini? Marlys anadhani kaanza kunywa.

Kahawa kanisani, chini kwenye ukumbi. Yeye upande ule wa birika, mimi upande huu. Kila mmoja anamwambia jirani yake kwamba leo baridi. Nilitamani kumuuliza habari za ule mwezi. Nikala biskuti.

Jumanne, 12 Desemba

Saa nne asubuhi kisomaji kimeleta kitu cha Leland. Hakina inchi. Nanakili:

"Nyumba imepata mnunuzi. Januari nahamia Arizona kwa binti yangu. Jiko la Baba nililiopoa Aprili, liko gereji, nimelisugua kutu lote. Ni la Arvid. Sijui nitaanzia wapi kumwambia." Arvid ndiye mimi.

Nikakimbilia ukurasa wenyewe. Ujumbe haupo! Kaufuta. Kristin anasema ndivyo ilivyo, kisomaji kikishachukua kimechukua, mwandishi akifuta kwake hafuti kwako.

Arizona. Sijala mchana. Nimeumia, nisiseme uongo.

Jumatano, 13 Desemba

Watu wangapi wamenikimbilia barabarani wakitaka barua waliyotumbukiza? Norma Tollefson alikuja na ndara kwenye theluji, analia. Nilimkatalia. Ikishaingia sandukuni si yako tena, ni ya anayeandikiwa. Lakini hii mwenyewe aliirudisha. Na haikuandikiwa mimi, ilinitaja tu. Je, ninayo au sinayo? Kanuni za posta nimezipitia zote kichwani. Hakuna.

Nikamwambia Marlys. Akaacha kukunja nguo.

"Sasa unangoja nini, mwezi ukubusu na wewe?"

"Siwezi kwenda bila sababu."

Akafungua kabati akatoa bakuli la Inez, marehemu mke wa Leland. Alituletea chakula humo kabla hajaugua. Mwaka wa nne tunalo! Aibu tupu. Na bakuli la mtu kwetu halirudi tupu. Kalijaza nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, viazi juu, kaliingiza kwenye oveni. Hakuniuliza tena.

Alhamisi, 14 Desemba

Niko garini, mbele ya gereji ya Leland.

Mpango ulikuwa mzuri. Nitoe bakuli, nifikishe salamu za Marlys, nisubiri aanze yeye. Neno Arizona lisinitoke.

Kafungua mlango. Kazeeka. Kaliinua bakuli kutazama chini yake: utepe wenye jina la Inez bado umebandikwa. Akasema, "Si mbaya baridi ya leo."

"Si mbaya," nikasema. "Huko Arizona utaikumbuka."

Lo!

"Nani kakwambia Arizona?"

Nikamwaga yote. Kialama cha chungwa, kisomaji, Kristin. Kawa mwekundu hadi masikioni.

"Yule msomaji mmoja ni wewe? Arvid! Wiki nzima najikamua, alfajiri, mashavu, nikidhani ni Darlene wa duka la chambo!"

"Ule wa mwezi nimeusoma mara mbili."

"Uliuonaje?"

"Si mbaya."

Kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, na anajua. Kanitazama, kaingia ndani na bakuli, kafunga mlango. Hakuubamiza. Kaufunga tu. Nimekaa hapa dakika kumi, nikijiambia basi, nimeiharibu, niwashe gari niende zangu.

Lango la gereji linapanda. Naona miguu yake, na nyuma ya miguu yake ile minne ya chuma. Lile jiko mtu mmoja habebi. Hajaniita. Kainama, kashika upande wa nyuma tu, na anasubiri