Pikapu ya Mzee Faki Ilivyoshushwa Mkia

Wawi, Pemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshatoka chini ya gari la watu na umeshanawa mikono, maana ukiishika na grisi hutaweza kuisoma mara ya pili. Mgongo unaendeleaje? Na mama, presha yake imetulia, au bado anakula chumvi kwa kujificha? Mimi ni mzima. Kazi ya kupima mvua inaendelea, na mvua yenyewe ya huku haina masihara. Chakula nimekizoea, lugha nimeizoea nusu, joto sitalizoea kamwe. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na wewe kwenye simu una "sawa mwanangu" tatu tu, ya nne unakata.

Ni habari ya springi, kwa hiyo keti.

Wenye nyumba wangu nimeshakutajia. Mzee Faki ni fundi muashi aliyeacha kazi, na Bi Mize ni mkewe. Miaka miwili iliyopita Bi Mize aliteleza kisimani akavunjika goti, na goti likapona bila kukunja. Akikaa, mguu unabaki umenyooka mbele. Kiti cha gari hakimfai, labda akae nyuma, kwenye bodi ya pikapu ya mumewe, juu ya godoro. Lakini ile pikapu, baba, ungeiona ungecheka. Enzi za kubeba mawe Mzee Faki aliiongezea vyuma viwili vya springi kila upande. Sasa haibebi kitu, basi mkia uko juu na pua iko chini, kama kuku anayedonoa.

Majirani wamejitolea kumpandisha mara nyingi, wanaume kwa wanawake. Jibu lake ni moja. "Mie siku ya kubebwa ntabebwa, na wala sitakuwa na kauli. Kwa sasa nna kauli, na nasema sibebwi."

Dada yake, Bi Riziki, yuko Chokocho, kusini, mwendo usiofika saa moja kwa gari. Masikio yake yamekufa kabisa, kwa hiyo simu haina kazi. Kusoma hakusoma, na tangu asisikie hatoki nje ya Chokocho. Basi ndugu hawa wa tumbo moja wamekaa miaka miwili bila kuonana wala kusikilizana. Kila Ijumaa Bi Mize alikuwa akipika mikate ya kumimina, anampa mtu ampelekee dada yake, halafu anakaa barazani kungoja aambiwe dada kaipokeaje. Nilikuwa namwangalia nikiona aibu, sijui ya nini.

Mwezi uliopita Mzee Faki akasema basi, gari atalishusha mkia mwenyewe, hapa hapa uani. Bi Mize akachukua uzi, akaupima na kimo cha kitanda chake cha kamba, akapiga fundo. Kitandani huwa anakaa kinyumenyume bila msaada wa mtu. "Likifika hapa kwenye fundo napanda. Likizidi sipandi."

Najua unachotaka kuuliza. Ndiyo, tuliweka magogo ya mnazi chini ya chasisi kabla mtu hajaingia, na matairi ya mbele tuliyazuia kwa mawe. Binti yako hakukulia gereji bure. Nati zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari, tukazilowesha mafuta ya taa siku mbili. Mzee yule ana miaka inayomtosha kukaa akatazama wengine, lakini alilala kwenye mkeka chini ya gari na spana yake, anasoma aya, anaivuta, anapumzika, anasoma tena. Nikimwambia nimsaidie ananipa kazi ya kushika tochi. Siku ya tatu nati ya kwanza ililia, ikazunguka, na mimi nikapiga ukelele kama aliyefunga goli.

Alipotoa vile vyuma vya nyongeza akataka kujua kama gari limekaa sawa. Wewe ungerudi nyuma hatua kumi ukafumba jicho moja. Yeye alileta mpira wake wa kiuashi, ule mrefu mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji. Ncha moja nikaishika mbele, nyingine akaishika nyuma. Maji yakapanda, yakashuka, yakatulia, na pale yalipotulia ndipo akapiga alama. Maji ya ncha zote mbili husimama kimo kimoja, na nusu ya nyumba za Wawi zimenyooshwa kwa mpira ule. Maji yakasema mkia bado uko juu. Akatoa chuma cha tatu, cha asili, kila upande. Maji yakasema sawa. Tukaupima uzi, na bodi ikakaa kwenye fundo kabisa! Nilikuwa sijawahi kuona mtu akimtengenezea mkewe njia kwa spana.

Kesho yake Bi Mize akavaa buibui, akageuka mgongo, akakaa kwenye bodi, akauvuta mguu wake, akapanda. Peke yake. Majirani wakapiga vigelegele. Tukatoka.

Hatukufika mbali. Kwenye lami ukaanza mlio, bodi inasugua matairi kila tukikutana na shimo. Mzee Faki akasimama, akashuka, akalitazama gari lake likiwa pahala palipo sawa kwa mara ya kwanza. Pua juu, mkia chini.

Umeshalijua kosa. Ua wetu una mteremko, umeachwa makusudi ili maji ya mvua yaende kwenye mihogo, na pikapu ilikuwa imeelekea huko huko bondeni. Maji ya mpira hayajali ardhi ilivyokaa. Tulilisawazisha gari na mbingu, siyo na barabara. Na mimi ninayelipwa kwa kupima nilikuwa nimeshika ncha ya mpira nikitabasamu.

"Maji hayasemi uwongo, mzee," nikamwambia kwa kumfariji.

"Hayasemi," akanijibu. "Mie ndiye n'liyeyauliza jambo silo."

Hakulaumu mtu. Aligeuza gari, tukarudi nyumbani.

Chuma cha tatu kikarudi mahali pake. Safari hii tulipimia barabarani, na pikapu ikasimama sawa kweli, ungeipenda. Lakini bodi ikazidi fundo kwa vidole vinne. Bi Mize akajaribu, akajaribu tena, kisha akashika fimbo yake. "Basi. Ndivyo ilivyoandikwa."

Mzee Faki aliinuka. Alikwenda akatwaa jembe, akachimba uani mashimo mawili ya matairi ya nyuma, upande mmoja akayapa mteremko ili gari lipate kutoka. Akalirudisha gari kinyumenyume, matairi yakatumbukia, na bodi ikashuka hadi kwenye fundo. Nilikaa chini pale pale kwa mshangao. Unaweza kuuliza kwa nini hatukuanza na jembe. Kwa urefu ule wa mwanzo, baba, tungechimba visima.

Huko Chokocho ilibidi yachimbwe mengine ya kushukia. Mzee akampigia simu Shaame, mtoto wa Bi Riziki, mtu mzima mwenye wake na watoto, akamweleza upana na kina. Shaame akachimba uani kwa mama yake tangu asubuhi. Mama akamuuliza kuna nini. Shaame, masikini, akamweleza kwa ishara: akaonyesha njia ya Wawi, akalala chini, akaunyoosha mguu kumwigiza mama yake mdogo atakavyokuja, kisha akaonyesha mashimo.

Bi Riziki akayatazama yale mashimo, akaanza kulia. Wakajaribu wote kumweleza, na kila wakizidisha ishara yeye alizidi kulia. Alidhani analetewa mdogo wake maiti.

Sisi tukaingia bila kujua lolote. Gari likarudi nyuma, likatumbukia, Mzee Faki akafungua mlango wa bodi. Bi Mize akajisogeza mpaka ukingoni, akakaa wima, mguu wake mbele. Bi Riziki akainuka kwenye mkeka, uso umevimba. Akaja taratibu. Akaushika ule mguu, akaupapasa, akapanda na mkono mpaka begani, mpaka shavuni. Kisha akampiga kofi la bega lililosikika ua mzima.

"Mize!" akapaza sauti ile ya mtu asiyejisikia. "Mie nshakulilia tangu asubuhi!"

Bi Mize angejibu nini, na masikio hayapo? Aliuchukua mkono wa dada yake, akauweka kwenye koo lake, akacheka, ili mwenzake akihisi kicheko. Bi Riziki akapanda akakaa ubavuni mwake, na hawakushuka hadi alasiri ilipoadhiniwa. Mzee Faki alikuwa ameinama nyuma ya gurudumu, anakagua springi ambazo hazikuwa na kosa lolote. Mimi nililia waziwazi, sikuona haja ya kujificha.

Msalimie mama, na mwambie chumvi naijua. Msalimie kaka Joeli na mkewe, na bibi, mwambie kitenge chake nimekipata. Fundi wako Sanga mwambie asiazime spana zangu.

Salamu zangu kwa shangazi Tuma sitaki umpe mtu azipeleke. Najua hamjasalimiana tangu msiba wa babu, na najua si mahali pangu kusema. Nisamehe, baba. Lakini yeye yuko mtaa wa pili, na magoti yako yote mawili yanakunja.

Ni mimi binti yako,
Neema