Asubuhi Uliyoniambia Kichwa Chakuuma

Mwanasiti mke wangu,

Leo tumekusomea hitima ya arobaini hapa Bofu, na bado kuna jambo sijamwambia mtu.

Wakumbuka chaki zilivyoanza kukuponyoka? Watoto wa chekechea walicheka, wakidhani mwalimu wao anacheza nao. Kisha maneno yakakupotea. Wataka chumvi, wasema sabuni. Daktari akatuonyesha mshipa wa shingo ulivyoziba, ubongo ukipata damu kidogo mno. Walipouzibua, uliamka ukamwita binti yetu Rehema bila kukwama. Nililia mbele ya wauguzi, nawe ukaninong'oneza, "Jikaze, wanitia aibu."

Tuliporuhusiwa, daktari aliniagiza: akiumwa kichwa, msingoje. Nikaitikia.

Siku ya nne, baada ya chai ya asubuhi, ulilishika jicho la kushoto. "Kichwa chapasuka. Twende hospitali?"

"Ni uchovu tu," nikakwambia. "Pumzika kwanza."

Wallahi, nilishakuona umepona, sikutaka kusikia lingine. Nikakupa vidonge viwili vya maumivu, nikashusha pazia, nikatoka kwenda kukaza mabati ya jiko. Adhuhuri nilipoingia ulinitazama kama hunijui. Mkono ukaanza kutetemeka, kisha mwili mzima. Tulivuka feri kwenda hospitali, kichwa chako kikiwa kifuani pangu. Hukusema neno tena.

Daktari alisema damu ilirudi kwa nguvu kwenye ubongo uliokwisha kuzoea damu kidogo, ukavimba, ukavuja. "Ni wachache sana wanaopatwa na haya." Kisha akauliza, "Kichwa kilianza kumuuma lini?"

Rehema alikuwa ubavuni mwangu. Nikasema, "Mchana huu."

Tangu hapo mtoto ananishika mkono na kuniambia, "Baba, hukuwa na la kufanya." Kila akisema hivyo natamani ardhi inimeze. Nikisimama kuswali nasahau nimefika rakaa ya ngapi. Sijui kama kuwahi kungekuokoa. Naogopa kumuuliza daktari, maana nikiuliza nitakuwa nimekiri. Uliniomba, Mwanasiti. Uliniomba kwa mdomo wako, nami nilikuwa juu ya paa la jiko nikipiga misumari.

Wageni wameondoka. Rehema anakosha sufuria. Nimemwita, ameitika, "Abee, baba," anapangusa mikono aje. Huenda akatoka hapa asirudi tena kwangu. Na aende akiwa anajua.

Mola akulaze pema, mama Rehema. Ameshakaa mbele yangu, ananitazama. Naweka kalamu.

Mumeo