Mti wa Juu ya Jiwe la Namkombe

Makote, Newala
14 Septemba 2025

Kwako mtani wangu, Baba Shamila,

Salaam aleikum, wewe Myao usiyeisha maneno. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Lisekese, na mguu wa Mama Shamila umepoa. Msalimie sana, mwambie pole yangu kwa kuishi na wewe iko palepale. Sisi huku hatujambo. Mama Godwin anakusalimu, mikorosho imetoa maua ya kutosha, nami magoti yananiuma, ila ni maumivu ya furaha. Simu ningepiga, lakini nakujua, ungenikatiza kwa kicheko kabla sijafika nusu.

Nianze na siku tulipomzika mwenzetu Bonifasi. Kazi ya utani uliifanya sawasawa. Ulivyolala mbele ya jeneza ukakataa lipite mpaka upewe jogoo wako, hata mjane alicheka huku analia. Kisha ukanigeukia mimi niliye hai. Ukawasimulia watu kwamba mwaka themanini na mbili, tukiwa kidato cha pili Chidya, tulishindana kulipanda Jiwe la Namkombe, wewe kwa mgongo wa mlima, mimi kwa kupita korongoni. Eti nikakutangulia, nikafunga kitambaa chekundu kwenye mti ulioko kileleni, nikashuka, nawe ukafika nyuma yangu ukakikuta kinapepea. Ukamalizia kwamba siku ya kunizika mimi utayasema hayo hayo juu ya kaburi langu. Watu walicheka, mimi nikatazama chini. Tangu hapo sikuwa na raha, maana hayo ndiyo maneno nisiyotaka kuzikwa nayo.

Bahati mbaya, au nzuri, mjukuu wangu Winfrida alikuwepo, yule anayesomea unesi, aliyekuja likizo. Hakuniacha nipumue, anataka nimpeleke akauone huo mti. Nikasingizia jua. Nikasingizia nyoka. Nikasingizia presha, akanipima, akasema iko sawa kuliko yake. Basi Jumamosi tukachukua bodaboda mpaka Chidya, tukaanza kutembea.

Korongo lenyewe mdomoni ni pana, na mchanga wake mkavu unameza viatu. Ukienda robo saa hivi, kuta zinakaribiana mpaka mabega yote mawili yanagusa jiwe, na mbingu unayoiona juu ni utepe tu. Nje jua linaunguza, mle ndani baridi. Halafu unakuta jiwe kubwa lililoanguka zamani likakwama katikati ya kuta, na njia inakomea hapo. Nilitaka kugeuza nirudi, nakuambia ukweli. Winfrida akavua viatu, akabana mgongo ukuta huu na nyayo ukuta ule, akajisukuma kidogo kidogo mpaka akapita. Akanishushia kanga, akaniambia nisiivute kama mbuzi anayepelekwa mnadani, niishike tu nisiogope, kazi ifanywe na miguu. Nikafanya hivyo. Nilipofika upande wa pili nililia, wala sikujificha.

Kuanzia hapo ni kutambaa kwa mikono na magoti juu ya jiwe, unapumzika, unatambaa tena. Lakini kile kilele, ndugu yangu! Upande mmoja uwanda wetu wa Newala umejinyoosha wote, upande mwingine vilima vya Masasi na mabati ya kwenu yanang'aa. Nilifurahi kama mtoto. Ndipo Winfrida alipozunguka kilele chote, akarudi, akaniuliza mti uko wapi.

Mtani, hakuna mti. Ni jiwe tupu, hata nyasi hazina pa kushika.

Mwaka ule niliishia pale kwenye jiwe lililokwama. Nilikaa mchangani nikalia kwa woga, kitambaa nikakifukia palepale, mti nikaubuni njiani wakati wa kurudi. Nilikungoja chini, ulipotokea nikakuambia nimefika na nimefunga kitambaa chekundu mtini, nikitegemea utanicheka. Ukajibu kwamba umekiona. Ala! Tangu dakika ile nilijua kuwa nawe hukufika, na nisingeweza kukuumbua bila kujiumbua. Nawe kila mwaka ukauongezea mti wangu matawi, ukauwekea kiota, mwaka juzi ukatia na njiwa. Miaka arobaini na tatu tumeutunza mti ambao haupo. Uongo ule ulikuwa wetu wawili na niliupenda, sikufichi. Lakini usemwe juu ya kaburi langu, nami siwezi kucheka wala kukanusha, hapana. Nisamehe. Winfrida nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nimefika kweli. Kwa kuwa mti haupo, nimepanga mawe, nikakibana kitambaa kipya chini yake. Ukinizika, sema nilifika nikiwa na miaka hamsini na tisa, natetemeka, nimeshika kanga ya mjukuu. Mti uutoe. Na ikiwa ni mimi nitakayekuzika wewe, nitasema nini mbele za watu? Njoo kabla ya mvua. Winfrida yupo mpaka mwisho wa mwezi, na kanga anayo.

Wasalimie Shamila na wote wa nyumbani, na jirani zako wanaokuvumilia. Mungu akutunze mpaka uje.

Mimi mtani wako,
Cuthbert, Baba Godwin

Nilisahau: safari hii rangi ya kitambaa sikutajii.